Vidonge vya Kopo Moja

Mama Vifungo alipotoka chumba cha daktari hakuketi mwisho wa benchi kama ilivyokuwa kawaida yake. Alijipenyeza katikati ya Seremala na Mwalimu, akapakata mkoba wake, akasema kwa sauti ya fundi cherehani anayetaja vipimo vya mteja:

"Dawa imeshindwa. Wiki ijayo wananipasua kifua."

Mwalimu alikohoa. Seremala akauliza imeshindwa vipi, naye akawasimulia. Kamati inayosimamia utafiti ilikuwa imeangalia picha za moyo wake, ikaona hautengenei kama ilivyotarajiwa, ikaamua kufungua siri yake. Katika utafiti ule nusu ya wagonjwa walipewa dawa mpya ya moyo, na nusu vidonge vya unga mtupu, na hakuna aliyejua nani kapewa nini, si mgonjwa wala daktari mwenyewe. Kumbe yeye alikuwa akipewa dawa ya kweli tangu mwanzo. Mwili wake umeikataa, alisema daktari. Kilichobaki ni kisu.

"Mimi na bahati hatujawahi kusalimiana," alisema. "Hata ikibisha hodi kwangu, inauliza nyumba ya jirani."

Seremala hakucheka. Yeye alijua, Mwalimu alijua, na mwenye kifua alijua vilevile, kwamba dawa ile haikuwahi kupewa nafasi ya kushindwa.

Watatu hawa hawakuwa ndugu. Walikutana juu ya benchi lile, kila mtu na moyo wake mchovu, wakisubiri zamu ya mashine. Mwenye mashine alikuwa binti mmoja, mtaalamu wa fizikia ya kwanta, mwembamba, mwenye haraka, aliyeongea na wazee kama anayeogopa kuwavunja. Aliwaeleza kwamba moyo unapopiga hutoa nguvu ya sumaku, tena hafifu mno, hata ile sumaku ya mlango wa friji ni jitu mbele yake. Lakini chembe ndogo kabisa za maada, zikitulizwa na kumulikwa inavyotakiwa, huisikia sumaku hiyo na kutoa habari zake. Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka nywele zikamtoka, alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Seremala naye akatikisa chake, kwa adabu tu. Lililomkaa akilini ni moja: chuma marufuku chumbani. Basi kila mwezi alikung'uta misumari mifukoni, na kila mwezi ukasalia mmoja wa kumwaibisha. Mama Vifungo, fundi cherehani, naye blauzi zake zote zilikuwa na vifungo vya bati, hata Seremala akamchongea vya mbao. Ndipo benchi zima likambatiza jina.

Habari ya vidonge ilianza siku walipopewa chupa za kwanza. Mama Vifungo aliishika yake kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Akasema hahitaji kungoja matokeo ya wasomi, yake ni ya unga, anajijua. Hakulia, na laiti angelia, pengine Seremala angevumilia. Seremala mwenyewe alikuwa amefiwa na mke, watoto wako mbali, na ilikuwa muda mrefu hakuna mtu aliyemhitaji kwa jambo lolote zaidi ya kurekebisha mlango.

"Tuchanganye," alisema.

Vidonge vilifanana kama mapacha. Wakaenda karakana kwake, wakavimimina vyote katika kopo la majani ya chai, wakavikoroga kwa mkono, wakagawana upya. Mwalimu alipiga hesabu zake juu ya kipande cha ubao, akatangaza kwamba kwa njia hii ni vigumu mtu yeyote akose kabisa. Tangu hapo wakafanya hivyo kila mwezi. Hawakuona kwamba wanamdanganya mtu. Kwao ilikuwa kula sahani moja, na tangu lini mtu akala sahani yake huku mwenziwe anamkodolea macho?

Hesabu ya Mwalimu haikuwa na kosa. Alichosahau ni kwamba dawa si mkate, na robo au theluthi yake haitibu robo au theluthi ya moyo.

Sasa, juu ya benchi, Seremala alinong'ona kwamba lazima waseme. Mama Vifungo alimkatalia kabla hajamaliza. Wakisema, wote watatu watatolewa kwenye utafiti, na binti wa mashine hatawatazama tena. Moyo wa Seremala, yeye mwenyewe kajisifu juzi, umeanza kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Autupe kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye nuksi?

"Kaka, niachie kisu changu," alisema. "Nimeshika mikasi maisha yangu yote, sitakufa kwa kuona chuma."

"Na usipoamka?"

"Basi nitakuwa nimelala. Nyamaza."

Seremala akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Usiniangalie mimi," alisema taratibu. "Hiyo hesabu niliipiga mimi. Sina uso wa kusema lolote."

Mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguliwa, Seremala akaitwa. Ndani alikaa mtafiti wa tatu wa mradi ule, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake haikuwa moyo wa nyama bali ule mwingine. Alichunguza jinsi watu waliougua pamoja wanavyojenga imani baina yao. Wagonjwa walimwita Dada Maswali, naye alilipenda jina. Kila mwezi aliuliza yale yale, na kati ya hayo lilikuwemo moja: je, kuna kitu unachogawana na wagonjwa wenzako? Kila mwezi Seremala alijibu: salamu.

Safari hii alijibu, "Vidonge."

Dada Maswali akaweka kalamu chini. Seremala akaeleza yote, kopo, kipande cha ubao, na kisu cha wiki ijayo, na alipomaliza akavuta pumzi kama mtu aliyetua kabati zito mlangoni kwa mwenyewe.

"Sasa nenda ukamwambie daktari, mwanangu," alimwambia Dada Maswali.

"Baba, niliapa kwamba yanayosemwa humu yanabaki humu."

"Hata hili?"

"Hili hapana. Uhai wa mtu ukiwa hatarini kiapo kinalegea, na wewe usiposema nitasema mimi, leo hii. Lakini nikisema mimi itakuwa nimewakamata. Ukisema wewe, itakuwa umemwokoa dada yako. Si mamoja."

Seremala akachukua kofia yake. Alikuwa amekuja kutafuta mchukuzi, na mzigo ulikuwa umerudishwa begani mwake, tena kwa heshima. Akasimama. Alipopita mbele ya benchi hakugeuza shingo, ila alisikia Mama Vifungo akisema, "Wewe!"

Kwa daktari alimkuta na binti wa mashine, wameinamia picha za mioyo. Akawaambia akiwa bado amesimama, kofia mkononi, bila kupamba. Wazo ni langu, alisema, wale wengine walinifuata.

Daktari alifumba macho. Kisha akasema mengi, na kwa ukali, na Seremala aliyapokea yote kwa sababu yalikuwa kweli. Wako wagonjwa wanaoingoja dawa ile, alisema, na kila anayedanganya katika majaribio anawachelewesha. Tena angempasua mama wa watu pasipo sababu.

Binti wa mashine ndiye aliyevunja ukali ule. Alikuwa ameweka picha tatu sambamba, akizitazama kama aliyepata pete iliyopotea.

"Mzee wangu," alisema, "hii mashine nimeifungua na kuifunga mpaka nimechoka. Mioyo yenu mitatu ilikuwa inasogea pamoja, kidogo kidogo. Nilidhani mashine inasikia moyo mmoja mara tatu."

Daktari alipiga simu, na kamati ikakubali siri zao zifunguliwe. Chupa ya Seremala ilikuwa ya unga. Ya Mwalimu pia. Dawa yote waliyokunywa wanaume wale, na ngazi alizopanda Seremala, ilitoka katika chupa ya mwanamke aliyejiona hana bahati.

Wakaamua papo hapo. Upasuaji umesitishwa. Mama Vifungo atapewa dawa kamili, nje ya utafiti, na kila siku atainywa mbele ya muuguzi, maana hawaaminiki. Baada ya miezi kadhaa moyo ukigoma, hapo kisu kitazungumzwa. Wanaume watahamia kliniki ya kawaida, ng'ambo ya ua, na dawa za zamani.

Mama Vifungo aliyasikia yote akiwa pale pale kwenye benchi. Alimgeukia Seremala.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, dada."

"Kumbe nimekuwa nikiwalisha nyie wawili, wanaume wazima."

"Na umetulisha vizuri," alisema Mwalimu. "Sisi ndio tumekula cha mgonjwa."

Muuguzi alikuja na kikombe cha maji na kidonge kimoja katika kifuniko, akasimama kungoja. Mama Vifungo akakishika kidonge kwa vidole viwili kama pini, asikipeleke kinywani. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Muuguzi akamhimiza. Akashindwa. Alikuwa kama mtu aliyetengewa chakula mbele ya wenye njaa.

"Karibuni," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo, na mkono wake ulikuwa kweli umenyooka kidogo upande wao.

Seremala akageuka akatazama ukuta.

"Starehe, dada," alisema. "Sisi tumeshiba."

Akasikia maji yakishuka.