Ruta ya Chumbani kwa Baba Mkwe

Kliing. Kitu cha bati kiligonga meza gizani, upande wa chumba cha baba mkwe. Felista akageuka kitandani, akajiambia ni Peniel huyo, mwanawe, anamsumbua babu yake aliyelala naye, akavuta shuka.

Kulipokucha, sufuria ya uji haikuonekana. Akaitafuta jikoni, akaitafuta hadi bandani kwa kuku, mwisho akapikia uji kwenye birika la chai. Hakuwa na muda wa kugombana na vyombo. Kazi yake ya Kiingereza ilitakiwa imfikie mwalimu wa masomo ya jioni kabla ya adhuhuri. Asiyetuma hafanyi mtihani, na bila mtihani, unesi aliouota tangu Peniel yuko tumboni ndiyo basi tena.

Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani ambayo mumewe, Deo, aliinunua kutoka ofisi iliyokuwa inafungwa, kabla hajarudi kibaruani Mitundu. Kuukuu, nzito kama tranka la bweni, ikiwashwa inanguruma kama mashine ya kukamua alizeti. Ilitengenezwa enzi ambazo waifai haijulikani, ndiyo maana Deo aliichomekea kidude cha kunasia mtandao. Jana ilinasa vizuri. Leo ilitafuta, ikatafuta, ikasema hakuna mtandao.

Ruta, kile kisanduku chenye vitaa kinachogawa mtandao, iliwekwa chumbani kwa baba mkwe, Mzee Bonaventura, kwa sababu dirisha lake ndilo linalotazama mnara wa simu. Na mke wa mtoto haingii chumba cha baba mkwe. Hata nyumba ikiungua, atasimama nje aulize kwa adabu. Mama mkwe angeingia, lakini alikuwa msibani Shelui.

Felista akamkuta mzee uani. Akatoa shikamoo, akaulizia mguu wake, akaulizia mbuzi, ndipo akauliza kama ruta nayo imeamka salama. Mzee akajibu kwamba imelala vizuri kuliko yeye, haijaguswa hata na vumbi.

"Mgonjwa ni hilo lako, mama Peniel," akasema. "Limezeeka kama mimi. Mimi nikiitwa kutoka mbali nasikia? Lisogeze."

Basi likaletwa toroli. Kompyuta ikalazwa ndani, kioo kikaviringishwa kanga kama mtoto mchanga, waya wa umeme ukavutwa kutoka sebuleni, na msafara ukapita katikati ya kuku hadi chini ya dirisha la mzee. Hakuna mtandao. Mzee akashauri igeuzwe uso kwa mnara. Ikageuzwa. Akaifungulia mwavuli, isipigwe na jua. Jirani aliyekuwa akipita akauliza kama mgonjwa anapelekwa hospitali, mzee akamjibu kwamba hapana, anaoteshwa jua tu.

Jua lenyewe lilikuwa linakaribia utosini. Felista akakaa kwenye ukingo wa toroli, machozi yakimlengalenga. Akamwita Peniel, maana mjukuu anaingia popote, akamtuma akaangalie kama taa za ruta zinawaka.

Ndani kukasikika kliing. Peniel akatoka na sufuria ya uji kichwani, imemfunika hadi puani. Na pale pale kompyuta ikalia tii, mtandao ukajaa.

 Felista akabonyeza kutuma huku mkono mwingine umeushika moyo, mpaka kioo kikamwambia imekwenda, na mwalimu akajibu kwamba ameipata. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndipo akaitazama sufuria. Halafu akamtazama baba mkwe, lakini mkwe hamhoji mzee, kwa hiyo akarudi kuitazama sufuria.

Mzee Bonaventura alikuwa ameanza kuwakagua mbuzi wake, mmoja mmoja, kana kwamba amewanunua asubuhi ile.

Peniel akainua sufuria ili aone vizuri, akasema, "Babu aliifunika ruta kwa sababu ilikuwa inamkonyeza usiku."