Pindo la Gauni la Jumamosi

Jumatatu saa mbili asubuhi fundi wa mavazi alimpima binti wa marehemu kaka yake kiuno, kifua na urefu wa mkono, akaandika kwenye daftari. Siku hiyo walikuwa wanapiga onyesho la harusi la filamu, na mhusika aliyeigizwa na binti alikuwa na miaka ishirini na miwili. Gauni lilipovaliwa, mikono haikutosha. Binti alikuwa amerefuka vidole viwili tangu chai. Fundi alifumua mshono, akaongeza kitambaa, kazi ikaendelea.

Filamu ilihusu msichana anayekua, tangu miaka minane. Lakini filamu haipigwi kama hadithi inavyosimuliwa. Hufuata nyumba iliyokodiwa na mahali jua lilipo. Kwa hiyo Jumanne binti alikuwa na miaka kumi na minne, na chunusi tatu ambazo mpambaji hakuzichora. Jumatano alikuwa na kumi na tisa. Alhamisi alikuwa na tisa, jino likamtoka likaanguka kwenye sahani, na mwongozaji akasema liachwe, linafaa. Kila jioni binti alirudi nyumbani na umri wa onyesho la mwisho, akalala nao.

Wote walimsifu. Mtayarishaji alisema hajawahi kuona kipaji kinachookoa vipodozi kiasi hicho. Fundi peke yake ndiye aliyesoma ratiba hadi chini. Onyesho la kwanza, la mtoto wa miaka minane akimsubiri baba dirishani, lilipangwa Jumamosi, siku ya mwisho.

Jumapili binti angetimiza miaka kumi na minane ya kuzaliwa kwake. Alikuwa akiigiza tangu akiwa na miaka sita, na mikataba yote ilisainiwa na mama yake.

"Jumapili nasaini mwenyewe, shangazi," alikuwa amemwambia wakati wa kupimwa. "Na wa kwanza nitaukataa. Nataka mwaka mzima bila mtu kunitazama."

Fundi alimwendea mwongozaji, akaomba onyesho la harusi lirudiwe Jumamosi jioni, hata kipande tu.

"Mama, ukumbi wa harusi tumesharudisha," alisema mwongozaji, kwa upole wa kweli.

Akamwendea mama wa binti, aliyekuwa akinywa soda kivulini.

"Wifi, akimaliza na miaka minane atabaki nayo."

"Samaki mkunje angali mbichi, wifi," alisema mama. "Akiwa na miaka minane alikuwa mtiifu sana."

Fundi alirudi kwenye cherehani. Roho ilimuuma, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Gauni la Jumamosi alilishona na pindo la shibiri nzima ndani, kama mtu anayetarajia mtoto akue.

Onyesho lilipigwa mara moja tu likakubalika. Binti alimsubiri baba dirishani, na kwa kuwa alikuwa na baba yake mwenyewe wa kumsubiri, asiyerudi tena, hakuhitaji kuelekezwa. Watu walipiga makofi. Fundi alimpima jioni hiyo, akampima tena Jumapili asubuhi. Kipimo kwenye utepe hakikubadilika.

Mchana mtayarishaji alileta keki na mkataba wa filamu ya pili. Mshumaa ulikuwa mmoja, kukwepa maswali. Binti alipanda kitini, miguu ikaning'inia, akashika kalamu na mkataba, akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa macho ya mtu wa miaka kumi na minane.

"Sitaki," alisema.

"Watoto hawa," alisema mtayarishaji, akacheka. Mama aliichukua kalamu mkononi mwa bintiye taratibu, asije akajichafua wino, akasaini.

Baadaye binti alikuja chumba cha mavazi.

"Shangazi, Jumatano nilikuwa na urefu gani?"

Fundi alifungua daftari, akamsomea. Binti aliinua mkono kupima hewani, akashindwa kufika.

Ratiba mpya ilitaka magauni kumi na mawili ya kipimo kilekile. Mtayarishaji alipita kuyakagua, akaligeuza la kwanza, akaona pindo kama lile la gauni la Jumamosi.

"Hili la nini? Linafanya gauni lining'inie vibaya. Likate."

Binti alikuwa amesimama pale pale juu ya kigoda, mikono pembeni, jinsi alivyozoea kupimwa. Fundi alichukua mkasi, akakata.