Sindano ya Pili

Mimi si mtu wa kusifu watu hovyo. Hapa dukani kwangu wanajua: ukija na sifa za mtu, utaulizwa amefanya nini hasa. Kwa hiyo nikisema namheshimu Eunike, mke wa mtoto wa mzee Moloimet, mjue nimempima kwanza. Kwa umri ni mwanangu kabisa. Darasani aliishia la saba, na akipita mbele ya wazee huinamisha kichwa kama desturi yao inavyotaka. Lakini siku ile ya kuhama alifanya jambo ambalo mimi, Katarina wa Daa, mwenye mdomo unaojulikana mnada mzima, nililijaribu nikashindwa.

Nililetwa huku Sale na mume wangu, mwalimu, alipohamishwa kutoka Karatu. Sisi Wairaqw ni watu wa jembe, na majirani zangu wengi hapa ni Wamasai wa ng'ombe. Mwanzoni tulitaniana kwa kupimana nguvu, siku hizi tunataniana kwa mapenzi. Kimasai nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema.

Eunike alikuwa na mtoto mmoja, Witness, binti wa mwaka mmoja na nusu, mashavu yamejaa maziwa. Sindano ya kwanza ya surua aliipata akiwa na miezi tisa. Ya pili ilikuwa zamu yake sasa, ila zamu hiyo ilifika kipindi kibaya. Nyasi zilikuwa zimekwisha, mume wa Eunike ametangulia na ng'ombe malisho ya mbali, na mzee Moloimet ametangaza kwamba boma zima linafuata na punda. Huko waendako hakuna zahanati wala mtandao wa simu. Tena habari zilikuwa zimetufikia kwamba surua imeonekana kwenye maboma ya upande huohuo.

Emilian, muuguzi wetu, alikuwa amepita akitangaza siku atakayokuja shuleni na pikipiki yake na kisanduku cha barafu, watoto wote wapelekwe. Siku hiyo ndiyo Moloimet aliyopanga kuhama.

Sasa msije mkadhani Moloimet ni mjinga. Atakayemwita mjinga nitagombana naye. Kwa mambo ya ng'ombe sijaona wa kumfikia. Ndiye aliyekuwa wa kwanza hapa kukubali chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaoua ndama, wenzake wakimcheka kwamba anaua ndama wake kwa hela yake mwenyewe. Ndama wake wakapona, wa kwao wakaendelea kufa, mpaka nao wakaja kimyakimya kuuliza mtaalamu anarudi lini. Na chanjo ile ndama huchomwa mara moja tu maishani. Anavikwa hereni sikioni, mambo yamekwisha hadi azeeke. Kichwani mwa Moloimet, chanjo ndiyo hiyo. Kosa lake lilitoka kwenye ujuzi wake, na kosa la namna hiyo ni gumu kuling'oa kuliko la mtu asiyejua kitu.

Asubuhi ya kuhama nilikwenda bomani kwao kupeleka chumvi na sukari walizoniagiza. Punda walishapakiwa ngozi, vibuyu na masufuria. Sairowua, jirani yao, alikuwepo pia na familia yake, maana walikuwa wahame pamoja. Eunike nilimkuta amesimama kando, Witness mgongoni.

Nikamuuliza kuna nini.

"Nimeomba nipite shuleni kwanza, halafu niwafuate," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mzee amesema mtoto ameshachomwa."

Basi mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake. Nikamwendea mzee aliyekuwa anakagua kamba za punda.

"Shikamoo mzee. Huyu mtoto bado sindano moja."

"Marahaba. Alishachomwa."

"Ya pili bado."

"Ndama inachomwa mara moja," akasema. "Inavaa hereni, imekwisha."

"Mzee, mtoto si ndama."

Akanitazama kwa huruma hasa. "Mama mwalimu, wewe ni mtu ya mahindi. Mahindi ndiyo unapalilia mara mbili."

Wanaume waliokuwa wanakaza mizigo wakacheka, Sairowua akacheka kuliko wote. Hata mimi nilitaka kucheka, lakini nikajua nimeharibu. Mzee akishawachekesha watu kwa neno lake, kulirudisha mbele yao ni aibu. Nilijiona mpumbavu, na hasira zikanipanda.

Nilikuwa najua kwa nini Eunike hawezi kuliachia jambo hili. Dada yake aliugua surua utotoni. Ikamwachia uhai, ikamchukulia macho. Eunike alikua akimshika mkono dada mtu kila waendako, kisimani, kwenye kuni, kanisani, na hata alipoolewa alilia kwa sababu ya ule mkono anaouacha. Kwenye ukuta wa shule wameandika kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ni maneno ya kweli, tunayapita kila siku bila kugeuza shingo. Eunike hakuhitaji kusomewa ukuta.

Akafungua khanga, akanipa mtoto, akamwendea baba mkwe wake.

Kwa Wamasai mke wa mwana habishani na baba mkwe. Wala hamwiti jina. Bibi harusi anapoletwa nyumbani, baba mkwe humpa mnyama, na tangu siku hiyo wanaitana kwa zawadi hiyo. Eunike alipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa hiyo yeye na mzee huitana Paashe. Ni neno la heshima na upendo, na likishatamkwa, ugomvi unakosa pa kukaa.

Eunike akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja.

"Paashe," akasema Eunike kwa Kimasai. "Nina swali la ng'ombe."

"Uliza, Paashe."

"Yule mtamba ulionipa, ambaye sasa ninamkamua. Ana hereni ya ndigana."

"Anayo. Nilimsimamia mwenyewe."

"Lakini mwaka jana ulimpeleka tena akachanjwa."

"Hiyo ni ya homa ya mapafu. Ile ni kila mwaka."

"Kwa nini haikuwa mara moja, kama ndigana?"

Mzee akaiacha kamba. Ukimuuliza Moloimet habari za ng'ombe umemwalika kwenye sherehe. "Kila ugonjwa una tabia yake," akaeleza, na wale wanaume nao wakasogea kusikiliza. "Ndigana, mwili ukishaionja, hausahau. Homa ya mapafu mwili unasahau, lazima uukumbushe. Mfugaji asiyejua tabia ya ugonjwa atamaliza zizi."

"Na surua, Paashe, ina tabia gani?"

Punda mmoja akajikung'uta, masufuria yakalia. Nilimbana Witness kifuani, nikauma ulimi wangu, na Mungu ni shahidi kwamba uliuma.

"Surua sijui tabia yake," mzee akasema.

"Mimi nimeambiwa na Emilian. Sindano ya kwanza inashika kwa watoto wengi. Kuna wachache haiwashiki, na hakuna hereni ya kuonyesha ni yupi. Ya pili inawaokota hao waliobaki. Sijui Witness wangu yuko upande gani."

Akaishia hapo. Hakumtaja dada yake, hakutoa chozi. Aliacha swali pale kati yao, akarudi nyuma, kichwa bado kimeinama. Mimi nilikuwa nimemwambia mzee kwamba amekosea. Eunike alimpa nafasi ya kuwa mfugaji yuleyule hodari anayejulikana, na kwa ufugaji huohuo akamfikisha kwa mtoto. Nani alimfundisha? Angekuwa wakili, Arusha nzima ingemsikia.

Mzee Moloimet akaangalia jua, akaangalia punda.

"Shusheni mizigo," akasema. "Watoto wote, twende shuleni. Tutaondoka jua likipoa."

Sairowua akatikisa kichwa. Ng'ombe wake wachache walikuwa wamebaki naye na wameshaanza kudhoofika. "Mimi siwezi kungoja," akasema. "Wangu watachomwa tukirudi." Alikuwa na watoto watatu, na wote, hadi yule mdogo wa mwisho, walikuwa hawajapata hata sindano ya kwanza ya surua. Akaswaga punda wake, akaenda. Sitaki mtu amlaumu. Mwenye ng'ombe wanaoanguka hana asubuhi ya ziada.

Shuleni mzee alisimama karibu na Emilian mwanzo hadi mwisho, akimsumbua kwa maswali. Alitaka kujua kwa nini chanjo ya watoto inakaa kwenye barafu tu, wakati ya ndigana inakaa kwenye mtungi wa baridi kali unaotoa moshi. Emilian akajibu yote kwa adabu, jasho likimtoka. Witness alipochomwa alilia kwa hasira, si kwa maumivu, na babu yake akaridhika kwamba ana moyo.

Wakahama. Mvua zilipokuja, wakarudi.

Eunike ndiye aliyenisimulia. Surua ilifika huko malishoni na kupita boma kwa boma. Watoto walishikwa na homa, macho mekundu, kikohozi kisichowapa usingizi, kisha vipele kuanzia usoni. Kwa Sairowua waliugua wote. Eunike alikuwa anakwenda kumsaidia mama yao, anabeba maji, anawakanda, na Witness hakubaki nyuma, maana mtoto wa umri ule humwachi. Bomani kwa Moloimet hakuugua hata mmoja. Ugonjwa ulifika mlangoni ukakosa pa kulala.

Emilian alipotangaza siku yake tena, watoto wote waletwe, hata aliyewahi kuugua surua, maana sindano hiyohiyo inakinga na rubela, nilikwenda shuleni kumsaidia kupanga akina mama. Sairowua alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amefika kabla ya benchi kutolewa nje. Mzee Moloimet alikuwa amesimama bega kwa bega naye. Ni walewale wa siku ya kuhama, na hakuna aliyekuwa anatania.

Emilian akafurahi kumwona. Alikuwa hajasikia habari, zahanati yake ni mbali. "Karibu sana, Sairowua," akasema huku akifungua kisanduku. "Si wako ni watatu? Yule mdogo yuko wapi?"

Wamasai hawatamki jina la aliyekufa. Sairowua akatazama chini. Mzee Moloimet, mwenye jibu la kila kitu, akatazama milimani.

Eunike akatoka kwenye mstari wa akina mama, akasimama karibu na meza.

"Waliopo ni hawa wawili, daktari," akasema.

Emilian akaelewa. Akanawa mikono upya. Sairowua akaketi kwenye benchi, akampakata yule mdogo kati ya wawili, akamfunulia bega yeye mwenyewe.

"Choma," akasema. "Na ya pili uniambie ni lini. Nitamleta hata kama nyasi zimekwisha."