Mwanafunzi Aliyehama

Mwalimu Rula alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na mitatu, na miaka yote hiyo kulikuwa na somo moja asilolielewa: kugawanya sehemu kwa sehemu. Akilifikia, aliandika kanuni ubaoni haraka haraka. Mwaka mmoja aligeuza sehemu ya kwanza, mwaka mwingine ya pili. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, rula ilitua mezani, pwa! Maswali yakaisha.

Kisha ukaja mradi wa majaribio na vishikwambi vyake, kompyuta bapa za kusomea. Intaneti ya shule ilipatikana kwa kupanda juu ya dawati karibu na dirisha, tena kwa kudra, kwa hiyo wenye mradi walileta kisanduku cheupe kilichobeba masomo yote. Vishikwambi vilivuta masomo humo, na kila mwisho wa muhula dada wa tathmini alikuja na kompyuta yake kuchota kumbukumbu: nani amefanya nini, siku gani.

Binti wa fundi cherehani alihama na wazazi wake, jina lake likabaki kwenye orodha. Saa kumi jioni, watoto wakishatawanyika, Mwalimu Rula alijifungia stoo ya vitabu, akaliandika jina hilo kwenye kishikwambi na kuanza. Nusu ina robo ngapi? Akikosea, kishikwambi kilimwambia, "Jaribu tena." Yeye hakuwahi kumwambia mtoto yeyote maneno hayo.

Siku ya tathmini walimu wote waliitwa ofisini.

"Huyu alihama mwezi wa tatu," dada wa tathmini alisema, kidole kwenye kioo. "Lakini amefanya mazoezi siku arobaini na moja baada ya kuondoka. Mwalimu mkuu, niwie radhi, hizi takwimu zimepikwa."

"Sijapika kitu mimi."

"Basi nani? Nikiandika hivi, shule inatolewa kwenye majaribio, na jina lako linachafuka."

Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wa Rula zamani, na hata sasa akimwita "mwalimu wangu" mbele za watu. Aliwatazama walimu mmoja mmoja. Alipomfikia Rula, macho yakapita bila kusita. Hakumshuku hata chembe. Hilo ndilo lililomchoma mzee wa watu.

"Ni mimi," akasema.

Mwalimu wa michezo akacheka. "Mzee naye kwa masihara!"

"Si masihara. Sijui kugawanya sehemu. Sikuwahi kujua. Nilikuwa najifunza."

Kicheko kikakatika. Dada wa tathmini, aliyempa shikamoo asubuhi ile, akainamia kompyuta yake kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Rula akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wengine walipotoka, mwalimu mkuu alibaki naye barazani.

"Mtihani wa mwisho nilikosa maswali yote ya sehemu," akasema taratibu. "Baba akaniambia kichwa changu kibuyu kitupu. Nikaamini, mwalimu wangu. Hesabu na sayansi nikaziogopa mpaka leo."

Rula alitaka kusema pole, neno likamwia dogo mdomoni. "Nilijua kuwa sijui," akasema. "Nikawafundisha hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu hakusema kwamba yamepita. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza, "Na sasa unajua?"

"Kidogo. Yale mepesi."

"Basi Jumatatu utalirudia somo hilo darasa la sita. Nami nitakuwepo."

Dada wa tathmini alizifuta siku arobaini na moja kwenye hesabu ya wanafunzi, akaandika kwamba walimu nao wapewe nafasi yao ya kujifunza, kwa majina yao wenyewe. Jina la mzee hakulitaja.

Jumatatu, msichana wa mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tunaigeuza ya pili?"

Masikio ya Rula yakawaka moto. Alieleza, akakosea, akafuta ubao kwa kiganja mbele yao wote, akaanza upya. Mara ya pili msichana aliitikia kwa kichwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi nyuma, ananakili kwenye daftari, na Rula hakuthubutu kutazama upande ule mpaka kengele ilipolia.