Kifua cha Mwalimu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Vuta Pumzi, na mwenyewe alijua, tena jina lilimpendeza. Nusu ya maisha yake ilikuwa imeishia kuwafundisha matabibu kusikiliza mapafu, na hakuwa mtu wa kuficha kwamba kazi anaijua. Wenzake walifundishia picha za ukutani. Yeye alivua shati. Alikaa juu ya meza mbele ya darasa, kitambi nje, akawapanga foleni na stetoskopu zao. "Kifua kizima ndicho hiki," aliwaambia. "Mkikishika vizuri, kibovu kitajitaja chenyewe."

Siku hiyo alipita wodini kumsalimia tabibu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, binti makini aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa. Alimkuta akimruhusu bibi mmoja aliyelazwa kwa kuishiwa pumzi. Bibi alikuwa ameshavaa viatu, na mkwewe alikuwa akifunga mizigo.

"Mapafu yamekaa sawa, Mwalimu," tabibu alisema. "Hebu sikiliza na wewe."

Mwalimu hakungoja kubembelezwa. Aliweka stetoskopu mgongoni mwa bibi, chini kabisa, na uso ukambadilika. Kila pumzi ilipofika mwisho wa kuvutwa, kulichakacha kule chini, kama nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio. Upande wa pili vilevile.

Alimvuta tabibu pembeni, damu ikimchemka. "Mwanangu, umeziba masikio? Michakacho ile hukuisikia?"

"Nimeisikia."

"Umeisikia, na bado unamruhusu?"

Tabibu alimkodolea macho. "Lakini Mwalimu, si ndiyo sauti ya kawaida? Ndiyo ya kwako."

Mwalimu aliangua kicheko, akajikuta anacheka peke yake. "Ya kwangu?"

"Pale chini mgongoni, pumzi ikiishia. Darasa zima tuliisikia."

Kicheko kikamkauka. Akaanza kujitetea kimoyomoyo, mbio mbio: kikohozi cha asubuhi ni vumbi la chaki, kuhema kwenye ngazi ni kitambi, na mke wake naye kwa kulalamika hajambo. Hakuna tabibu aliyewahi kumpima, maana hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Miaka yote hiyo alitoa kifua, masikio akawaachia wengine.

Alivua shati palepale. Akachomeka stetoskopu masikioni mwake, na tabibu akaubana upande wa pili mgongoni, kwenye mbavu za chini.

"Vuta pumzi," tabibu alisema kwa sauti ndogo.

Akavuta. Ikachakacha. Akavuta tena kwa hasira, kana kwamba kifua kitaona haya na kunyamaza. Ikachakacha zaidi. Akakaa kitandani kwa bibi bila hata kuomba ruhusa. Bibi akasogea kumpisha.

"Pole, baba," bibi alisema. "Kumbe na wewe ni mwenzetu."

Aliogopa. Aliogopa kufa, waziwazi. Lakini kabla hofu hiyo haijatulia, ikaingia nyingine iliyompiga kuliko ya kwanza.

"Wangapi?" alimuuliza tabibu. "Umewaruhusu wangapi wenye sauti hii?"

 Machozi yakaanza kumtoka tabibu.

Mwalimu alitoa simu. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa na kundi lao humo, wa kila mwaka, wametawanyika kwenye zahanati na hospitali asizozijua hata yeye. Alibonyeza, akaongea.

"Jamani, ile sauti ya chini mgongoni mwangu si ya kawaida. Mimi ni mgonjwa, sikujua. Yeyote mliyemwambia ni mzima akiwa na sauti ile, mtafuteni. Leo hii."

Walimzoea kwa mizaha. Wa kwanza alijibu kwa vicheko. Wa pili aliuliza kama huo ni mtihani. Bibi alikuwa ameanza kuvua viatu, mkwewe akifungua mizigo, simu ilipolia tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume, mmoja wa wale waliokuwa wakikaa mstari wa mbele.

"Mwalimu, mama yangu nilimpima mwenyewe wiki iliyopita. Nikamwambia yuko sawa, arudi nyumbani. Nampigia sasa hivi, hapokei."