Siku Asiyotoka Turki

Tarehe kumi na mbili Januari Turki Khalil hatoki. Mtaa mzima wa Kiponda wanalijua hilo na hawamuulizi, kwa sababu wanamjua na mwenyewe: mtu mkaidi, jamani, ukimwambia shuka yeye atapanda. Siku hiyo nchi inasherehekea Mapinduzi, gwaride linapita uwanjani, watoto wa skuli wanacheza halaiki, na Turki kafunga madirisha yote ya ghorofani, kazima simu, kakaa mkekani na msahafu wake anamsomea baba yake. Tangu ana miaka sita yuko hivyo.

Aliyemfunza ni mama yake, Bi Rawiya, na Bi Rawiya alikuwa na sababu. Siku zile za mwaka wa sitini na nne mlango wao uligongwa asubuhi. Mzee Khalil akasema, "Ngojeni nikawafungulie," akashuka ngazi na kofia yake kichwani, na hakupanda tena. Maiti haikuonekana, kaburi halijulikani. Bi Rawiya akafunga dirisha. Kila tarehe ilipozunguka akalifunga tena, mpaka alipokwenda Maskati kumtazama binti yake na mauti yakamkuta huko huko.

Siku nyengine zote Turki ni mtu wa watu. Alikuwa na karakana Mlandege, yeye na mwenzake Duni wa Makunduchi, wakizisuka upya mota za mapangaboi na pampu za maji zilizoungua. Walianza vijana, wakazeeka kwenye benchi moja. Duni akimwita Turki "Mwarabu wangu," Turki akimwita Duni "Mkae," kama wanavyoitwa watu wa Makunduchi, na mteja mgeni akidhani watu hawa watapigana sasa hivi, kumbe ndio wanaulizana chai iko wapi. Watoto wa Duni wakimwita Turki ami. Hind, binti yake Turki, alinyonyeshwa na Sichana, mke wa Duni, mama yake alipokuwa mgonjwa. Sasa undugu gani tena mnautaka?

Kila mwaka Januari ikiingia walikuwa na ugomvi wao, ugomvi wa kuchekea. Mwaka huu haukuwa wa kuchekea.

Siku mbili kabla ya sikukuu Duni alikuwa anamsikiliza kijana mmoja kwenye simu aliyekuwa anatoa maoni yake kwamba nchi itafute siku nyengine ya taifa, siku isiyomliza mtu. Turki akaacha waya aliokuwa anaufunga.

"Unasikia? Vijana nao wanaona. Mie sisemi waifute, Duni. Waihamishe tu. Wachague siku yoyote, kila mtu ashangilie bila ya kumkanyaga mwenzake kidonda."

"Siku si benchi, ukalisogeza kivulini," Duni akajibu. "Baba yangu kabla ya siku hiyo alikuwa analima shamba la mtu, hata mnazi mmoja hana ruhusa ya kuupanda. Baada yake akapewa eka tatu, akaitwa bwana. Hiyo furaha yake mie niipeleke wapi? Niitie kwenye mwezi wa nane?"

"Na baba yangu mie?"

"Baba yako Mungu amrehemu. Namuombea, na wewe unajua namuombea." Duni akavua miwani. "Lakini hebu nikuulize. Wakishaihamisha, hiyo kumi na mbili wewe utatoka?"

"Ntatoka."

"Hutoki, bwana wee! Nakujua. Waifanye siku ya kupanda miti, wewe utakuwa ndani umefunga madirisha."

Palikuwa na mteja amekaa mlangoni anangojea pampu yake, Ismail mmoja wa Jang'ombe. Akacheka. Pengine ni kile kicheko, maana Duni alishawahi kumwambia makubwa kuliko hayo na hakuhamaki. Lakini kuchekwa na mtu wa njiani kwa jambo lile kulimuwasha Turki, na ulimi, kama mnavyojua, hauna mfupa.

"Na baba yako wewe," akasema, "siku ile alishika nini mkononi?"

Ismail aliacha kucheka, akajifanya anatazama barabarani. Duni aliiweka bisibisi juu ya benchi, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mie nakwenda zangu Makunduchi," akasema. "Tutaonana baada ya sikukuu."

Hakumpa mkono. Turki alimuangalia mpaka akapotelea kwenye watu, na moyo ukamwambia mkimbilie. Hakukimbia. Jioni aliishika simu, akaiweka. Akasema na nafsi yake: sikukuu ikishapita ntampigia, ntamtania kidogo, yatakwisha. Ndivyo tulivyo binaadamu, tunamuwekea mtu msamaha akiba kama mwenye hakika ya kumkuta.

Asubuhi ya kumi na mbili simu iliyolia ilikuwa ya Hind. Turki alikuwa keshakaa mkekani. Alimsikia binti yake chumba cha pili akimwambia mtoto wa Duni, "Naam, Sabri," kisha akamsikia analia. Alipoingia, Hind hakuhitaji kusema mengi.

"Baba. Ami Duni katutoka. Kasali alfajiri, kaanguka pale pale juu ya msala. Sabri anasema wanazika baada ya adhuhuri."

Turki akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alilia, wala hakujificha. Hind akamtolea kanzu nyeupe, akamtafutia viatu, akawa anamwambia gari liko pale Malindi, wakiondoka sasa watawahi hata kumuosha. Turki akavaa. Akashuka ngazi mpaka chini, akaweka mkono kwenye komeo.

Nje spika ilikuwa inapiga nyimbo za sikukuu. Watoto walikuwa wanakimbizana uchochoroni, mmoja anapiga kopo. Mkono wa Turki uko kwenye komeo na hauvuti.

"Tangulia," akasema. "Ntakuja."

"Utakuja na nani?"

"Ntakuja, nshasema."

Hind alimtazama. Mtoto wa adabu, hajapata kumpandishia baba yake sauti, na hata siku ile hakuipandisha. "Baba," akasema, "huyu ni Duni." Kisha akajifungulia mwenyewe, akatoka, na Turki akalirudisha komeo nyuma yake.

Akapanda juu. Akafungua msahafu amsomee baba yake kama kila mwaka, lakini mdomo ukisoma macho yanamuona Duni anafuta vidole kwa kitambaa. Akarudia aya ile ile, akakosea tena. Baba yake mwenyewe, akitaka kusema kweli, hakumkumbuka sura. Alikumbuka kofia tu, na harufu ya udi. Sura aliyoijua kila kunyanzi ni ya Duni, na hiyo ndiyo iliyolazwa leo Makunduchi inangojea kufunikwa.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Akasali. Akakaa akifikiri, sasa wanamnyanyua, sasa wako njiani naye, sasa wamemshusha. Basi, imepita. Na hapo, Mungu amsamehe, aliona nafuu kidogo. Jambo likishapita mtu halazimiki tena kulifanya. Atakwenda kesho, atatoa mkono wa pole, atasema alikuwa anaumwa.

Mlango ukagongwa.

Turki akaganda. Ukagongwa tena, kwa kiganja, kwa nguvu.

"Ami Turki! Mie Nadir!" Alikuwa jirani yake wa chini, kijana wa Kihindi mwenye duka la mikoba. "Hind kanipigia mimi, simu yako umezima! Hawajazika, ami! Wanakungojea wewe! Wamesogeza mpaka alasiri!"

Akashuka. Alishuka kila ngazi, akafika mlangoni, akasimama. Kilichobaki ni ubao wa mlango tu baina yake na Nadir, kijana aliyemjua tangu anatambaa. Akili yake ilijua hivyo. Lakini mlango umegongwa, na tarehe ni ile, na mtu wa nyumba hii aliyewahi kufungua hakurudi. Aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Nadir akagonga mara nyengine, kisha akanyamaza.

Alisimama pale muda gani hata yeye hajui. Alipofungua, mwanga ulimuumiza macho, na Nadir alikuwa amekaa barazani na funguo za gari mkononi. "Twende, ami," akasema, "tunaweza kuwahi."

Na mnajua kilichomuuma Turki njiani? Kwamba hapakuwa na kitu cha kuogopa. Walipita uchochoro kwa uchochoro, watoto wakamwambia shikamoo babu, akaitikia marahaba. Mwanamke aliyevaa kanga mpya aliwapisha. Pale Malindi vijana wenye fulana za sikukuu walikuwa wanakula aiskrimu, na mmoja, alipoona Nadir anahangaika kutoa gari lake, akayasimamisha magari mengine. Hakuna aliyemjua kwa ukoo wake, hakuna aliyemtazama mara mbili. Ilikuwa siku kama siku nyengine, ina jua na vumbi. Turki alikaa kwenye kiti cha mbele akajisikia hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Wakakutana na watu wanaotoka uwanjani. Magari yamesimama, mabasi ya watoto wa halaiki yanaimba. Nadir anapiga honi, anaomba, anapita pembeni. Adhana ya alasiri iliwakuta Tunguu, na kutoka Tunguu mpaka Makunduchi bado kuna safari. Turki alikuwa anasema peke yake, "Ningojeeni. Ningojeeni kidogo tu."

Walipofika makaburini watu walikuwa wanarudi. Wanapangusa udongo mikononi, wanazungumza kwa sauti za chini. Sabri, mtoto mkubwa wa Duni, alikuja kumpokea, kanzu yake ina udongo mpaka magotini. Akamuamkia, akambusu mkono, kama desturi yake.

"Tulikungoja, ami," akasema. "Tulitaka kumzika adhuhuri, wazee wakakubali tungoje alasiri. Baada ya alasiri wakasema basi, si vizuri kumuweka zaidi. Mzee alishausia siku nyingi kwamba ndani ya kaburi tumpokee mimi, mdogo wangu, na wewe."

"Na mahala pangu?"

"Aliingia kijana mmoja aliyetoka gwarideni, rafiki wa mdogo wangu. Hatumjui sana. Alikuwa karibu tu, na ana nguvu."

Turki akaenda kwenye kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akachukua konzi tatu za udongo akazitia juu, mwisho kabisa, baada ya kila mtu, na akajua kwamba zile hazikumfikia Duni. Akakaa chini na kanzu yake nyeupe, akamwambia samahani kwa sauti, watu wanasikia.

Nyumbani kwa marehemu, Sichana alishaingia eda. Aliagiza Turki aitwe, akazungumza naye nyuma ya pazia la mlango.

"Shemegi, sikulaumu," akasema. "Na yeye hakuondoka na kinyongo. Alirudi juzi kimya, nikamuuliza, akasema mmegombana. Akasema Turki ana haki ya kuuliza alilouliza, ila mie jibu sina, sikuwahi kumuuliza baba mpaka akafa. Akasema akirudi mjini atakwambia hivyo hivyo."

Turki akasogea karibu na pazia.

"Na ule wasia wa kaburi, mie ndiye niliyemuuliza kwa nini Turki, na ndugu zako wapo. Akaniambia, Turki hajapata kumzika mtu wake. Baba yake hakuonekana, mama yake kazikwa Maskati kabla yeye hajafika. Ndiyo maana msiba wake hauishi. Akasema, anizike mie kwa mikono yake. Pengine akishanizika mie, na baba yake atakuwa keshamzika."

Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wanasoma, na sauti ya Hind ilikuwemo. Turki alilia kilio cha mtoto mdogo, kilio ambacho pengine alikuwa nacho tangu ule mwaka wa sitini na nne, na hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha, maana aliyezoea kumnyamazisha ndiye aliyezikwa.

Jua lilipokuwa linainama Sabri alimsindikiza mpaka kwenye gari. Nadir alikuwa keshawasha. Sabri alisita kidogo, akakuna shingo, mtu anayetafuta maneno yasiyomuumiza mkubwa wake.

"Ami, kila mwaka tutamsomea mzee hitima. Tarehe ni hii hii. Lakini tunajua siku hii wewe huwa hutoki. Nimeshazungumza na mama, tunaweza kuihamisha. Tukaifanya kumi na tatu, kwa ajili yako."

Turki akafungua mdomo aseme isihamishwe, mwanangu, ntakuja. Lakini neno "ntakuja" alishamwambia Hind asubuhi ile, mkono uko kwenye komeo.

"Msiihamishe," akasema. "Fanyeni siku yake. Na mie msiningoje."

Sabri akamfungia mlango wa gari taratibu, akarudi kwa wenzake.