Pai za Sherehe ya Bwana Pruitt

Dada yangu Almira Stroud alizunguka shamba kwa shamba na kigari cha nyumbu, Kansas nzima ya upande wetu, akiwaeleza watu kuhusu kodi ya mapato. "Sisi tunalipa ushuru kwenye sukari, shati na jembe," alisema. "Mwenye reli analipa nini?" Bunge lilipopitisha sheria ya kuwatoza matajiri, alilia mbele za watu, na Almira si mtu wa kulia.

Mwezi Mei mwaka uliofuata, mwaka 1895, habari ikafika kwa telegramu. Mkuu wa stesheni aliisoma kwa sauti pale jukwaani: Mahakama Kuu ya Washington imeifuta sheria yote, eti inakiuka Katiba. Majaji watano wameikataa, wanne wameitetea.

"Mmoja tu!" Almira alifoka. "Mtu mmoja amewashinda mamilioni?"

Bwana Pruitt, mwenye ghala la nafaka, alikuwa amesimama karibu, sigara mdomoni. Akacheka mpaka akakohoa. "Katiba hiyo, bibie. Haya, nenda kaoke. Nina wageni hotelini mchana, nataka pai za kutosha."

Almira ndiye aliyeiokea hoteli pai. Alioka kweli, pai za tufaha, huku akiyapiga madonge ya unga kwa ngumi hadi meza ikatikisika. Nilidhani amenywea.

Mchana tulizibeba hotelini. Ndani wanaume walikuwa wakigonganisha glasi na kuwatakia majaji maisha marefu. Almira akasimama mlangoni akasikiliza. Kisha akageuka, akazipeleka pai barabarani, walikokuwa wakulima wakisubiri zamu ya kupima ngano kwenye ghala la Pruitt.

"Kuleni, jamani! Kuleni zote!"

Pruitt akatoka mbio, leso bado shingoni. "Wewe mwanamke! Hizo ni zangu, nimeshalipia!"

"Kashtaki basi. Majaji si wenu?"

Watu walicheka midomo imejaa. Pruitt akawa mwekundu kama nyama mbichi.

Tulilipa gharama ya kicheko kile. Hoteli haikumwagiza tena hata mkate. Ngano yetu ikifika ghalani kwa Pruitt iliambiwa ina unyevu, hata kiangazi, na bei ikashushwa. Tukauza shamba la kusini. Almira aliendelea kuzunguka na kigari chake, akitaka Katiba yenyewe ibadilishwe ili kodi ile iruhusiwe, akizomewa huku na kule.

Ilibadilishwa kweli, nywele zake zikiwa nyeupe. Nilikimbia na gazeti kumsomea, nikitegemea atafurahi.

"Miaka yote hiyo matajiri walikula bure," alisema, akinipokonya gazeti. "Imo humu kwamba watarudisha?"

"Hapana, dada."

"Basi usiniletee habari nusu."

Akatoka nje kupasua kuni. Nilimsikia akipasua kwa muda mrefu, kuni ambazo hatukuzihitaji.